Mama Benki wa Chumba cha Damu

Mjini Dodoma walikuwapo watu walioamini kwamba anafanya kazi benki. Walisikia anaitwa Mama Benki, wakamwona anapita asubuhi na buibui lililopigwa pasi na mkoba wa ngozi, wakajumlisha wenyewe. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yanafunguliwa kila kona, na kila aliyekuwa na kibanda alikuwa anatafuta mtu wa kumjulisha kwa meneja wa mikopo. Siku moja kijana muuza mitumba alimsimamisha sokoni nikiwa naye, akamweleza shida yake kwa heshima kubwa, kuanzia shikamoo hadi jina la mdhamini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba benki yake inapokea kwanza ndipo inatoa, na kama anataka kuweka, aje asubuhi akiwa ameshakunywa chai. Yule kijana akaja kweli. Alipoona kitanda na sindano alicheka kwa aibu, lakini hakuondoka. Alitoa chupa moja ya damu, na baadaye akawa mtu wetu wa kudumu.

Benki yenyewe ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa maabara ya hospitali, upande ambao jua la asubuhi haliingii. Kulikuwa na friji kubwa la damu, friji dogo la dawa za vipimo, mashine ya kuzungushia tyubu, beseni la umeme la maji ya uvuguvugu, na meza ndefu chini ya dirisha. Mimi nilipangiwa pale nikitokea chuo, msichana wa Songea nisiyejua baridi kavu ya Dodoma wala vumbi lake. Mkuu wa chumba alikuwa yeye. Siku ya kwanza nilimwamkia, naye hakuitika hadi alipofungua friji kubwa, akasoma kipimajoto, akafunga. Ndipo akasema marahaba, akaniuliza nimelala wapi na nimekula nini. Nilidhani ni dharau. Baada ya muda nilielewa kwamba huo ndio mpangilio wake: friji kwanza, watu baadaye. Hata mkubwa wa hospitali alipoingia na wageni wa wizarani, alisubiri zamu yake.

Alikuwa mtu wa mjini hasa, wa zile familia za Kiislamu ambazo zimekuwa zikiuza na kununua Dodoma tangu zamani. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na duka la kanga na vitenge, na jioni ungemkuta pale amekaa juu ya kigoda, akibishana bei na wateja bila huruma. Nilimwona akimwacha mke wa mbunge aondoke mikono mitupu kwa sababu ya tofauti ndogo ambayo mimi ningeisamehe. Mtu huyohuyo, asubuhi kazini, hakutaka kabisa kusikia neno bei likitajwa karibu na damu. Wakati ule wagonjwa walikuwa wameanza kuchangia gharama hospitalini, na pale getini walizoea kukaa vijana waliouza damu yao kwa ndugu wa wagonjwa wasio na wa kuwatolea. Walivaa vizuri, wakajifanya binamu. Mama aliwajua kwa sura. Akimshuku mmoja, alimwuliza jina la bibi mzaa mama wa mgonjwa, na kijana akianza kutazama dari, alimwambia akanywe maji, apumzike, aende nyumbani. Hakuwatukana. Aliniambia kwamba hao ni watoto wa watu wenye njaa, na kwamba mtu anayeuza damu leo ataiuza tena wiki ijayo, hata ikiwa imebaki maji matupu.

Nilimwuliza siku moja inakuwaje mfanyabiashara kama yeye achukie biashara. Alishangaa. Alisema haichukii, anaipenda sana, ndiyo maana anajua vitu visivyofaa kuwekwa kwenye rafu.

Kwa umbea, alikuwa mtu wa kwanza. Alijua nani ameoa mke wa pili, nani amefungua baa kwa jina la shemeji, nani amerudi kutoka Dar es Salaam na mimba. Habari hizi alizipokea kwa furaha ya wazi, akiuma andazi, na kila msimuliaji aliponyamaza alimsukuma kwa maneno mawili: "Na kingine?" Lakini yaliyopitia kwenye tyubu zake hayakutoka. Ndiyo ilikuwa miaka ambayo watu waliogopa kutoa damu kwa sababu ingepimwa UKIMWI, na katika mji ule kila mtu alikuwa jirani wa mtu. Nilimwona akicheka na kufanya mzaha na wanaume ambao siku ile ile tulikuwa tumeitupa damu yao, nao hawakuona lolote usoni pake. Aliwaita baadaye, mmoja mmoja, akafunga mlango.

Hayo maneno mawili aliyatumia pia kazini. Mfanyakazi akimletea jibu la kipimo, Mama aliliangalia, akalikubali, halafu akauliza, "Na kingine?" Wengi iliwaudhi. Walikuwa wamefika mwisho wa kazi, wananyoosha mgongo, naye anauliza kana kwamba kuna mtu mwingine nyuma ya mlango. Alikuwa na sababu. Katika kazi yetu, hatari inayopiga kelele mara nyingi si ile inayoua. Mwili wa binadamu hutengeneza kingamwili, askari wadogo walioko katika maji ya damu. Wengine hawana akili nzuri. Wanamshika kila mtu, mgeni na mwenyeji, na kelele zao zinamfunika askari mwingine mmoja, mkimya, ambaye kweli ana kisu. Ukiwazoea wale wa kelele ukasema ndio hao hao, utampa mgonjwa damu ambayo yule mkimya ataivunja yote. Dawa ni kuwatoa kwanza wenye kelele, kisha usikilize.

Nililielewa jambo hili kwa sababu ya mwalimu wa Kongwa.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke aliyenizidi umri kidogo, aliyeletwa mwezi wa saba, wakati upepo wa Dodoma unapita hadi kwenye mifupa. Alikuwa amepauka, macho ya manjano, anahema akiwa amelala. Mumewe alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa maneno machache. Aliyekuwa na maneno ni kaka yake mkubwa, aliyekuja na nduguze wote juu ya lori ili wamtolee shemeji yao damu. Lilikuwa jambo la kupendeza, wanaume wale wamejipanga kwenye benchi wamekunja mikono ya shati.

Nilianza kupima. Nilipochanganya maji ya damu ya mwalimu na chembe nyekundu za damu ya mumewe, zilishikana vipande vipande kama maziwa yaliyokatika. Za kaka mkubwa vilevile. Za wadogo zao vilevile. Nikachukua chupa zilizokuwa ndani ya friji, nazo zikashikana. Mama akaja, akachukua tyubu safi, akaweka maji ya damu ya mwalimu na chembe za mwalimu mwenyewe, akainyanyua dirishani. Zikashikana.

"Anajikataa hata mwenyewe," akasema. "Afadhali."

Afadhali, kwa sababu huo ulikuwa ndio mwenendo wa askari wasio na akili, wale wanaopenda baridi. Katika joto la mwili wanatulia kiasi, lakini damu ikipoa kwenye tyubu wanashika kila kitu. Swali likawa lilelile, kama nyuma yao yupo mwingine.

Wakati sisi tunalifikiria hilo, habari ilishatoka nje. Sijui mhudumu gani aliisema, ila ilimfikia kaka mkubwa ikiwa imenyooka kuliko ilivyokuwa ndani: kwamba damu ya mwanamke huyu imewakataa ndugu wote wa mumewe. Tulimsikia kupitia dirishani. Alisema tangu aolewe ndani ya ukoo ule mtoto mmoja amekufa, ng'ombe wamekufa, na sasa hata damu yenyewe imesema. Alitaka arudishwe nyumbani kwa mganga kabla jua halijazama. Mumewe aliangalia chini, akichora mchanga kwa ncha ya fimbo.

Mama akatoka. Akawasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na ikabidi waitikie, kwani mtu akishaitika salamu ni vigumu kuendelea kufoka. Akakaa nao kwenye benchi, katikati, akawaeleza. Alisema mwili wa mke wao ni kama nyumba yenye mbwa anayebwekea kila anayepita, hata mwenye nyumba. Si kwamba amewachagua wao. Angekuja yeye Mama, angembwekea, na angekuja rais pia. Kazi ni kumfungia mbwa huyo ili wasikie kama uani yupo mwingine. Kaka mkubwa hakuridhika. Mama akamgeukia mume, akamwuliza kama mkewe aliwahi kuongezewa damu.

Mume akasema hajawahi.

Aliwahi kujifungua mara ngapi? Mara tatu, mmoja hakukaa. Alijifungulia wapi? Wawili Kongwa, mmoja kwao mkewe, wakati yeye mwenyewe alikuwa Mererani kwenye machimbo.

"Na kingine?" akauliza Mama.

Hakuna kingine, akasema mume. Mama akawashukuru, akawaambia mwalimu anahitaji mablanketi mazito na soksi, waende sokoni wakatafute, wasichague ya bei rahisi. Walipotoka getini akanishika mkono, tukaenda wodini.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mwalimu, akamfunika mabega vizuri, akaanza kwa kumwuliza anafundisha darasa la ngapi. Waliongea kuhusu watoto wa darasa la kwanza na jinsi wanavyokula chaki. Kisha akamwambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba kuna swali moja, kama aliwahi kuongezewa damu, na kwamba jibu lake litafika kwenye maabara na kuishia hapo.

Mwalimu aliangalia kwanza mlangoni. Halafu akasema kwamba ndiyo. Alipojifungua yule mtoto ambaye hakukaa, alitokwa na damu nyingi, akaongezewa chupa mbili katika hospitali ya kwao. Mama yake mzazi alimkataza asiseme. Alimwambia watu wa kwa mumewe wakijua amebeba damu ya mtu wasiyemjua, watamhesabu kuwa si mzima, na kila kitakachotokea kitakuwa juu yake.

"Ni lini?" akauliza Mama.

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Mama akashusha pumzi. Tulipokuwa tunarudi koridoni alinieleza kwa haraka, akitembea mbele. Kama ingekuwa wiki chache zilizopita, njia aliyotaka kuitumia ingekuwa imefungwa, maana damu ya mwalimu ingekuwa bado ina chembe za mgeni, na chembe hizo zingetunywea yule askari tunayemtafuta. Miaka minne ilikuwa salama. Lakini askari wa aina ile huzaliwa mwili unapokutana na damu ngeni, na kwa kuwa aliongezewa, na kwa kuwa amebeba mimba tatu, sasa alikuwa karibu na hakika kwamba yule mkimya yupo.

Njia yenyewe inasemeka kwa maneno machache. Unachukua chembe za mgonjwa mwenyewe, unaziosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka askari wote walioshikilia wanaachia. Sasa ziko tupu, zina njaa. Unazichanganya na maji ya damu ya mgonjwa huyohuyo, unaweka kwenye friji. Wale wanaopenda baridi wanakimbilia kwenye chembe hizo na kung'ang'ania. Unazungusha kwenye mashine, chembe zinakwenda chini nao, juu yanabaki maji yaliyochujwa. Unarudia kwa chembe mpya hadi kelele ziishe. Yule mkimya, kwa kuwa hana ugomvi na damu ya mwenye nyumba, anabaki juu.

Shida ilikuwa chembe. Mwalimu alikuwa hana damu, na sisi tulihitaji damu yake ili tuweze kumpa damu. Ndugu walikuwa wamesharudi na mablanketi nilipokwenda kuchukua tyubu za ziada, na kaka mkubwa akasimama mlangoni mwa wodi.

"Mnamtoa damu mtu asiye na damu?"

Daktari wa wodi ndiye aliyenisaidia, ingawa naye hakuwa upande wetu kabisa. Alikuwa kijana makini, ametoka Dar es Salaam mwaka ule, na alikuwa ameshaona watu wengi zaidi wakifa kwa kukosa damu kuliko waliokufa kwa damu mbaya. Alimwambia yule shemeji aachie njia, kisha akaja nami hadi maabara. Akamwambia Mama kwamba moyo wa mgonjwa unachoka, na kwamba ikifika saa tisa alasiri atatoa amri apewe damu ya kundi lake iliyoshikana kidogo kuliko nyingine, iwe iwavyo. Mama akamjibu kwamba amesikia. Hawakugombana. Kila mmoja alijua anachoogopa mwenzake.

Tukafanya kazi. Sampuli mpya niliileta kutoka wodini ndani ya chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu, nikiwa nimeikumbatia kama mtoto. Beseni la umeme lilikuwa na tabia ya kupoa lenyewe, kwa hiyo Mama aliosha chembe nusu kwenye beseni na nusu kwa joto la viganja vyake, amezifumbata tyubu kifuani. Baada ya kuoshwa hivyo zilionyesha kundi lake halisi, O. Maji ya kwanza yaliyotoka kwenye friji bado yalikuwa na kelele. Ya pili yalinong'ona. Tukarudia mara ya tatu, na wakati tunasubiri, Mama alisali adhuhuri kwenye pembe ya chumba, akarudi, akafungua friji dogo, akatoa kichupa cha dawa ya kijani.

Dawa ile ndiyo inayomwonyesha askari mkimya. Tulikuwa na kichupa kimoja, na Mama alikuwa bahili nacho kuliko kitu chochote dukani kwake. Niliwahi kumwona akikataa kuitumia kwa ajili ya mgonjwa wa mkubwa fulani kwa sababu hapakuwa na haja. Siku ile aliitumia bila kusita.

Maji yaliyochujwa hayakushika tena chembe za mwalimu mwenyewe. Tukayajaribu kwa ndugu wote wa kundi O, katika joto la mwili, tukaweka dawa ya kijani, tukazungusha. Mume hakuwa wa kundi lile. Kaka mkubwa, zikashikana, ngumu. Mdogo anayemfuata, zikashikana. Yule wa mwisho, na binamu mmoja aliyekuwa amekuja kama dereva wa lori, zikateleza laini kama maziwa mazima. Mama alizitazama tena na tena dirishani. Kisha akanipa nami nitazame, akaniuliza ninaona nini, ingawa alikuwa ameshaona.

Saa tisa ilikuwa haijafika. Yule mdogo wa mwisho alikuwa amekwisha kulala kitandani mkono umenyooshwa.

Kaka mkubwa alikuja kuuliza. Hakufoka sasa. Alitaka kujua kwa nini damu ya mdogo wake wa tumbo moja imekubalika na yake imekataliwa, na katika kuuliza kwake nilisikia kwamba alikuwa ameumia. Mama angeweza kumwambia yule mbwa wa pili ametoka wapi, na pengine ingemtuliza. Hakumwambia. Alimwambia watoto wa tumbo moja hawafanani sura, basi na damu nayo ina sura. Halafu akampa kazi. Alimweleza kwamba damu ile itaingia mwilini taratibu, na mgonjwa akipigwa na baridi wale askari wa kelele wataamka waivunje, kwa hiyo panahitajika mtu mzima, mwenye akili, wa kuhakikisha miguu yake haipoi na chupa za maji ya moto zinabadilishwa. Kazi hiyo hawezi kumwachia kijana.

Aliifanya. Manesi walisema aliwasumbua kwa maji ya moto hadi wakachoka. Mwalimu alipata chupa ya kwanza, kesho yake ya pili, na siku zilizofuata macho yake yakaanza kuwa meupe.

Alirudi baada ya mavuno kutuona, amebeba mfuko wa karanga. Alikuwa amenenepa kidogo. Alituambia kwamba hatimaye alimwambia mumewe mwenyewe, habari za zile chupa mbili. Mumewe alishinda na ng'ombe mchana kutwa, kisha jioni akamwuliza kama siku ile alipoongezewa iliuma. Mama Benki alisikiliza na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuliza kingine.

Ningeweza kuishia hapo kama ningekuwa nataka kumsifu tu. Lakini mwaka uliofuata aliletwa mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye tatizo linalofanana na lile, na Mama akaanza kazi ileile kwa utaratibu uleule. Daktari alikuwa yuleyule. Aliomba damu itoke mapema, Mama akamwomba avute subira kidogo, naye, akiikumbuka siku ya mwalimu, akakubali. Mzee alifariki wakati maji yake ya damu yako kwenye friji mara ya pili.

Si kazi ya maabara kuwaambia ndugu. Mama alikwenda hata hivyo. Binti wa marehemu alikuwa amekaa nje juu ya jiwe la bustani ya maua, na Mama akakaa chini kando yake, akamwambia yeye ndiye aliyekuwa anaitengeneza damu ya baba yake na haikuwahi. Sikusikia yule binti alijibu nini. Mama alirudi, akamalizia kuzungusha zile tyubu, akapima hadi mwisho. Nilimwuliza kwa nini anapima damu ya mtu aliyekwisha kufa. Alisema anataka kujua.

Hapakuwa na askari wa pili. Mzee angeweza kupewa karibu damu yoyote ya kundi lake, ikapashwa joto, na pengine angeishi. Pengine moyo wake ulikuwa umeshachoka. Daktari alipokuja, Mama alimwonyesha majibu bila kuficha kitu. Alimwambia, "Kwa huyu, wewe ndiye uliyekuwa sahihi." Daktari akavuta kiti. Akasema kwamba hata yeye hajui, na kwamba kama angekuwa na hakika asubuhi asingekubali kusubiri. Nikawaletea chai, wakanywa palepale.

Hakubadilika baada ya hapo, na hilo lilinisumbua. Nilitegemea atakuwa mwepesi zaidi, au mkali zaidi. Aliendelea vilevile, kipimajoto kwanza, kisha watu, kisha swali lake. Ila alianza kumwita daktari aje asimame mezani naye wakati wa kuamua, na daktari alikuja. Walizoeana hadi wakawa wanabishana bei ya vitenge, daktari alipokaribia kuoa. Hakumpunguzia.

Alipostaafu hawakumfanyia sherehe kubwa. Alikuwa amesema hataki hotuba, anataka pilau, akapata pilau. Maabara mpya ya mtu binafsi karibu na stendi ilimtaka, akafanya huko jioni kwa muda, akaacha. Aliniambia walikuwa watu wazuri wenye mashine nzuri, ila kila mgonjwa aliingia akiwa ameshika risiti mkononi, na macho yake yeye yalikuwa yanakwenda kwenye risiti kwanza. Alijifahamu, akaondoka. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika nafasi yake kazini, nina mtoto mdogo, na nilikuwa simtembelei kama ilivyostahili.

Mara ya mwisho kuongea naye kwa kirefu ilikuwa huko Chimwaga, kabla ya majengo ya chuo kikuu kuota, wakati palikuwa uwanda mkubwa wa vichaka na barabara za vumbi. Nilikuwa natoka kwenye semina ukumbini, natembea kutafuta usafiri, nikaona pikapu kuukuu inakuja polepole kiasi kwamba ningeweza kuipita kwa miguu. Kwenye usukani alikuwa yeye, buibui limekunjwa hadi viwikoni, shingo imenyooka. Pembeni yake alikaa mume wa mpwa wake, aliyekuwa akimfundisha, amelowa jasho. Gari likazimika mbele yangu lenyewe.

Nikamwamkia. Akaitika mara moja, kwa kuwa hapakuwa na friji, akaniambia nipande. Mwalimu wake akashuka kwa furaha, akasema atapanda nyuma apate hewa.

Nikamwuliza imekuwaje. Alisema duka linahitaji mtu wa kufuata mzigo, na amechoka kuomba lifti kwa watu wanaomhesabia fadhila. Kisha akasema, akichezea ufunguo, kwamba maisha yake yote amekaa chumba kimoja akiangalia vitu vidogo kwa karibu, na alitaka kabla hajafa aangalie kitu cha mbali. Mchungaji mmoja alikuwa anavusha ng'ombe barabarani, wengi, hawana haraka. Tulingoja. Aliniuliza habari za mwanangu, akataka kujua meno yametoka mangapi. Sikujua vizuri. Akacheka.

Ng'ombe walipokwisha akawasha, likazimika, akawasha tena. Tukaondoka kwa kurukaruka. Nilikuwa nakanyaga breki isiyokuwapo chini ya miguu yangu, na nyuma yetu mume wa mpwa wake alikuwa ameshika bomba la pikapu kwa mikono yote miwili. Tulipita vichaka, tukapita watoto waliosimama kutushangaa, hadi barabara ya vumbi ikakutana na lami ya kwenda mjini. Hapo akasimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia tena kushoto. Lori lilipita na upepo wake ukatikisa vioo.

"Unaogopa?" akaniuliza, bila kugeuza uso.

Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa.

"Mimi pia," akasema. "Nimeogopa kila siku." Akaingia barabarani, na gari liliposhika mwendo akatafuta gia ya tatu, ambayo, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa hajawahi kuiweka. Akaipata.